Yemen Iliyokuwa Wajir

Nina tabia moja mbaya, na nyumbani wameshaizoea: siwezi kutazama filamu kimya. Wenzangu wanaangalia nani kampiga nani risasi; mimi naangalia ukuta ulio nyuma yake. Skrini ikiandika kwamba sasa tuko Kairo, nainuka kitini, naenda kusimama mbele ya runinga pua ikikaribia kugusa kioo, kisha natangaza: "Kairo wapi! Hii ni Eastleigh. Muone yule mama pale nyuma, anauza miraa, angalia majani ya mgomba!" Kila mtu ananipigia kelele nikae. Sikai.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana tulikuwa Galbet, hapa Garissa, nyumbani kwa habaryar wangu, yaani mdogo wake mama. Habaryar anauza maziwa ya ngamia sokoni, na sauti yake ni ya sokoni. Akiomba chumvi jikoni, jirani wa nyumba ya tatu anaileta. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, sufuria ya wali imetolewa, chai imekuja, na kwenye runinga kuna ile filamu ya kijasusi iliyokuwa ikizungumzwa kila mahali. Waziri ameuawa. Kuna mkoba mweusi ambao kila anayeushika anakufa. Shujaa ni jamaa mmoja mwenye mabega mapana asiyejua kufunga vifungo vya shati. Nilikuwa nimeshaikamata Kairo yao, nimeikamata na Dubai yao, ambayo ilikuwa ukumbi wa hoteli Nairobi, na nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kisha ikaandikwa "Yemen". Nikaona majengo meupe, vumbi jeupe, kisima, na wanaume wenye vilemba na bunduki. Shujaa anatambaa nyuma ya ukuta, bega linavuja damu, pumzi juu juu. Nyuma yake akapita ngamia mmoja, taratibu, bila haraka na mambo ya watu.

"Simamisha!"

Chai yangu ilimwagika. Habaryar alikuwa amesimama, mkono mmoja kichwani, mwingine umenyooka kuelekea runinga.

"Naa, msichana we, simamisha nimesema! Rudisha! Rudisha hapo!"

Nikarudisha. Shujaa akatambaa tena, ngamia akapita tena.

"Ni wangu," akasema habaryar. Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ya watu wa kawaida, na hapo ndipo nilipoogopa. "Wallahi bilahi, huyu ni ngamia wangu."

Hapa lazima nieleze. Habaryar alikuwa na ngamia kumi na mmoja, wengine aliowanunua mmoja mmoja kwa faida ya maziwa, tangu akiwa msichana, wengine waliozaliwa na hao. Abti, kaka yake, ndiye aliyewachunga upande wa Fafi, karibu na Bura. Ukame ule mkubwa ulipokuja, walikufa mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki jike mmoja tu. Huyo mmoja alisikia harufu ya mvua iliyonyesha mbali, akakata kamba usiku, akaenda. Abti alimtafuta wiki nne hadi viatu vikaisha. Hiyo ni karibu miaka mitatu iliyopita. Tangu siku ile habaryar anauza maziwa ya ngamia wa wenzake, na akiwa na hasira, yaani karibu kila siku, husema: "Nimepima maziwa ya watu leo, na nitakufa nikiyapima."

Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Ila binti yake mkubwa alisema polepole kwamba ngamia wako wengi, na kwamba huyu wa Yemen ana alama kwenye bega, mwezi mwekundu mkubwa, alama ambayo si chapa ya ukoo wetu.

"Mimi sijasema habari ya alama," habaryar akafoka. "Mtazame anavyotembea! Anatupa mguu wa nyuma nje kama mtu anayekwepa dimbwi. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake alikuwa hivyo. Na tena muone mkia. Umeinuka! Ana mimba huyu!"

Tulirudisha mara ya tatu kuangalia mkia. Mara ya nane. Jirani alikuja kuuliza kuna nini, akakaa. Jirani wa pili akaja na mumewe. Kufikia alasiri sebule ilikuwa imejaa watu wanaobishana kuhusu mkia, huku yule shujaa maskini akitambaa kwenda na kurudi, akivuja damu, bila mtu hata mmoja kumwonea huruma. Mpaka leo sijui nani alimuua waziri.

Sasa likabaki swali moja, nalo ndilo swali nililozaliwa kulijibu: hii Yemen iko wapi?

Kwa mara ya kwanza maishani nikaombwa nisimame mbele ya runinga. Nikajikohoza. Nikasema ni Magadi, maana watu wa filamu wanaipenda Magadi, ni karibu na Nairobi na ina weupe wake. Nilieleza vizuri sana, kwa mikono.

"Magadi ina visima?" habaryar akauliza.

Nikasema sijui.

"Basi kaa chini." Akasogea yeye. "Hicho kisima ni kipana mdomo na maji yako karibu, mwanamume anachota akiwa amesimama, hata kamba ndefu hana. Hodhi ni ya udongo mweupe. Ukuta ni wa mawe meupe. Mimi nimeolewa mara ya kwanza karibu na kisima kama hicho na nimeachika hapo hapo. Hiyo ni Wajir."

Uso wangu ulinishuka. Miaka yote hiyo ya kuumbua miji ya watu, na nimeshindwa na Wajir! Lakini nilipoangalia tena, ukutani nyuma ya bunduki, chini ya kibao cha Kiarabu kilichochorwa juzi, palikuwa na nembo ya kuweka pesa kwa simu, imepakwa chokaa haraka haraka lakini kijani kinaonekana. Nikapiga ukelele wa furaha. Tukakumbatiana. Nikaomba ruhusa ya siku tatu ofisini, na kwenye fomu pale pa sababu nikaandika "dharura ya familia". Ningeandika nini kingine?

Safari ya Garissa hadi Wajir inajulikana ina urefu gani. Ya kwetu ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu habaryar alikataa kusafiri kama abiria. Alisema sisi si wasafiri, sisi ni watu wanaotafuta mnyama aliyepotea, na kazi hiyo ina adabu yake. Anayetafuta mnyama hupita kila mahali penye watu, husalimia, huketi, humweleza mnyama wake kuanzia kwato hadi masikio, na wenyeji humpa chakula kwanza ndipo wamjibu. Kwa hiyo alikodi pikapu ya kijana mmoja wa sokoni, na pikapu ikasimama kila penye moshi wa chai.

"Habaryar, tunajua alipo," nikamwambia kituo cha nne, tumbo langu likiwa na vikombe saba vya chai na nyama ya mbuzi ya nyumba tatu. "Tuna picha. Waonyeshe tu picha."

"Picha ni ya mvivu," akasema, akaendelea kumweleza ngamia wake kwa mzee mmoja aliyekuwa akitikisa kichwa kwa raha kana kwamba anasikiliza mashairi.

Hata kwenye kizuizi cha polisi, askari alipoomba vitambulisho, alipewa vitambulisho pamoja na ngamia: shingo yake, rangi yake, anavyotupa mguu. Askari alikuwa kijana wa kutoka bara, hajui kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, nikimwona nitamkamata." Habaryar akamwombea dua ndefu. Kilomita kumi mbele bado anacheka, "Atamkamata! Atamfunga pingu wapi?" na dereva akalazimika kupunguza mwendo ili apanguse machozi.

Wajir tulifika kesho yake saa nne asubuhi, na sikuhitaji hata kuuliza. Kule nyuma ya soko, ukuta wa filamu bado ulikuwa umesimama! Mbao na saruji nyembamba, umepakwa weupe, na mlango mzuri wa bluu ambao ukiufungua unakutana na mbuzi. Wenyeji wenyewe sasa wanapaita Yemen. "Nipeleke Yemen," mtu anamwambia wa bodaboda, na bodaboda anamshusha pale. Nilizunguka ule ukuta nikiupapasa kama mtu aliyefika kuhiji, astaghfirullah. Nikapiga picha thelathini. Nikaufungua ule mlango wa bluu nikaufunga, nikaufungua nikaufunga, mpaka mbuzi wakachoka nami.

Muuza chai wa hapo alitueleza kwamba yeye amekufa kwenye filamu mara tatu. Mara mbili kwa risasi, mara moja kwa kuanguka kutoka paa. "Ile ya paa niliumia kweli," akasema kwa fahari, akatuonyesha kiwiko. Habaryar alimpa pole zote tatu, kila kifo na pole yake, kisha akaanza: kwato, miguu, mkia, shingo. Muuza chai hakumngoja afike masikioni.

"Huyo wa kupita nyuma? Ni wa mtu mmoja anayekaa upande wa visima vya kaskazini. Si wake hasa. Alijiunga na kundi lake tu, akamtunza."

Habaryar alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilimshika bega. Akaniambia nisimguse, anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Huyo mtu tulimkuta nje ya boma lake. Umri wake ni kama wa habaryar, mkimya, na ndevu nyekundu za hina. Alitukaribisha vizuri, mkewe akaleta maziwa, tukaulizana hali za watu na hali za mvua mpaka nikahisi nitapasuka. Ndipo habaryar akasema tumekuja kwa habari ya mnyama.

"Wa filamu," yule mtu akasema.

"Wa kwangu," habaryar akasema.

Akatabasamu kidogo. "Wewe ni wa tatu. Mmoja alipiga simu kutoka Nairobi. Mwingine alikuja na gari lake na miwani ya jua. Filamu imeonekana nchi nzima, dada yangu. Sasa kila mtu amepoteza ngamia." Akakunja mikono. "Mimi sikatai. Mnyama si wangu, na sitaki kula haramu. Nieleze alama."

Na hapo mimi, mtu wa ofisi, mtu wa mafaili, mtu mwenye picha kumi na saba nilizozikata kwenye filamu na kuzipanga kwenye simu, nikaona zamu yangu imefika. Kabla habaryar hajafungua mdomo nikasema kwa ufasaha, "Ana mwezi mwekundu kwenye bega la kulia."

Mkewe aliangalia chini. Yule mtu akainuka, akakung'uta kikoi chake.

"Na wale wawili walisema hivyo hivyo," akasema. "Ule mwezi walimpaka watu wa filamu, ili aonekane wa Yemen. Mvua ya kwanza ukatoka. Wewe binti, umewahi kuona chuma cha moto kikiacha rangi nyekundu?"

Kumbe hata ngamia walimfanyia walichoufanyia mji, na mimi, mjuzi wa kuta za uongo, nikaingia mzima mzima. Yule mtu alikuwa ameshatugeuzia mgongo. Habaryar amesafiri na tumaini lake siku nzima, na nimemkatia mimi, kwa kiherehere. Machozi yalinitoka palepale, bila aibu.

"Naa, funga hiyo simu kabla sijaitupa kisimani!" Habaryar alikuwa amesimama. Sauti ya sokoni imerudi, kuku wakatawanyika. "Na wewe, mwanamume, geuka, mimi sizungumzi na mgongo! Huyu mtoto amesoma, msamehe. Huo mwezi siujui na sijauuliza. Ngamia wangu ana titi moja lililokufa. La nyuma, la kulia. Alizaliwa nalo hivyo. Halijawahi kutoa hata tone, na kama amezaa, ndama wake ananyonya matatu. Hilo lilikuwa kwenye filamu yenu?"

Yule mtu aligeuka. Akamtazama mkewe. Mkewe akaziba mdomo kwa mtandio, na mabega yakaanza kumcheza, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

"Mwezi mzima!" mkewe akasema. "Mwezi mzima ndama alikuwa akigombana na lile titi! Analipiga kichwa, analivuta, analia, anarudi tena!"

"Allahu akbar," akasema yule mtu. "Karibu, mwenye mnyama."

Sitaeleza walivyokutana, kwa sababu niliona ukungu tu. Najua alikuja akitupa mguu wa nyuma nje. Najua habaryar alimtukana kwa dakika nzima, matusi ya mapenzi, mwizi we, malaya we wa mvua, umeniacha nikipima maziwa ya watu, huku amemkumbatia shingo na mtandio wake umeanguka. Mimi nilikuwa narukaruka kama mtoto wa chekechea. Dereva naye alikuwa anarukaruka, na hata simjui vizuri.

Nyuma ya mama akaja ndama. Jike, mrembo, miguu yote ya kukopa. Habaryar akapiga vigelegele. Lakini nikaona mwenye boma hacheki tena.

"Kuna jambo," akasema. "Ndama alizaliwa wiki moja na binti yangu. Nilikuwa nimengoja mwenye mnyama zaidi ya mwaka, hajaja, nikadhani hatakuja. Nikafanya kosa. Kitovu cha mtoto kilipoanguka, nilikifunga mkiani mwa huyu ndama, kama ilivyo mila yetu." Akamtazama ndama. "Nilimpa awe wake. Lakini mtu hatoi kisicho chake. Ndama ni wako kwa haki. Chukua wote."

Mkewe alienda kwa ndama, akapiga magoti, akaanza kufungua kikamba kidogo kilichokuwa mkiani. Karibu naye alikuwa amesimama msichana mdogo anayejifunza kutembea, ameshika mguu wa ndama ili asianguke.

"Acha!"

Mkono wa yule mama ulisimama.

"Nani amekwambia ufungue?" Habaryar alivuka uwanja kwa hatua nne. Akachutama mbele ya yule mtoto, wakatazamana, wote wawili wakali. "Mimi nilipozaliwa," akasema, bila kumtazama mtu mwingine, "kaka yangu alikuwa ameshafungiwa wake. Mimi baba alisema wa kike ataolewa, atakwenda, ngamia wa nini. Sikufungiwa hata mbuzi. Nilinunua wa kwanza mwenyewe, nimeuza maziwa miaka sita." Alimgusa mtoto shavu kwa kidole kimoja. "Na wewe umefungiwa, mjinga we. Na ndama wa kwangu."

Akaifunga tena ile kamba, mafundo mawili, akaivuta kuhakikisha.

Ndama alikuwa bado ananyonya, na hatenganishwi na mama yake, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Ngamia aliyekuwa akililiwa kwa miaka karibu mitatu aliachwa pale pale, na habaryar akaingia kwenye pikapu akiimba. Aliimba hadi nje ya mji. Alimpigia abti simu akamwambia, "Nimempata, nimemwacha!" na abti akawa anapiga kelele kwenye simu, "Umemwacha vipi?" naye anacheka, hawezi kujibu, ananipa simu, mimi nacheka, hatuelewani.

Tulipotulia nikamuuliza tutarudi lini kumchukua ngamia wetu.

"Wetu?" Alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Tutamuuliza mwenye ndama. Sasa hivi ana meno manne. Akimaliza kuota yote, tutakwenda kuzungumza naye."